Vikombe vya Wageni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nyingi huwa najikasirikia mwenyewe. Hii niliyo nayo tangu mwaka jana ni ya namna hiyo.

Nafundisha sekondari upande huu wa Kilwa. Kidato cha tatu nilikuwa na msichana wa Kinjumbi ambaye mama yake husuka mikeka. Mama anakata ukindu, anauanika, anautia rangi, anasuka. Mtoto alijifunza kazi ileile, ila yeye mistari ilimchosha, akaanza kusuka sura za watu. Kipande cha kwanza kuniletea, kidogo kama mkeka wa kuswalia mtoto, kilikuwa uso wa bibi yake marehemu: ukindu mweusi na wa zambarau, na shavu moja limebonyea pale bibi alipokuwa hana meno. Nikamuuliza nani kamfundisha. Shuleni kwetu somo la sanaa halipo, hata rangi za kuchorea hatuna.

"Hakuna, madamu," akasema. "Nilikuwa namkumbuka tu."

Muda si mrefu shirika moja la Dar likatangaza kwamba linatafuta wanafunzi wenye vipaji wanaotoka kwenye familia zisizojiweza. Watasomeshwa sanaa miaka miwili, bweni na vifaa juu yao, na ukishavuka kidato cha tatu hawakupokei tena. Nikajaza fomu, nikapiga picha ya uso wa bibi kwa simu yangu, nikatuma. Wakajibu kuwa kazi imewapendeza mno, kilichobaki ni kuja kuona hali ya nyumbani.

Hapo ndipo akili zangu zilipolala. Nilikwenda kwa mama yule nikamwambia wageni wanakuja kutoka Dar kwa ajili ya binti yake. Basi. Sikusema wanakuja kuangalia nini. Kusema kweli niliona haya. Utamwambiaje mtu mzima, tena mbele ya mwanawe, kwamba watu wanasafiri kutoka Dar kuja kuhakikisha kuwa hana kitu?

Na kwetu huku mgeni hapokelewi hivi hivi. Siku ilipofika, sebule ile sikuijua. Makochi yalikuwa ya jirani, yametandikwa vitambaa vyeupe. Zulia la mke wa mwenye duka. Juu ya meza televisheni ya sijui nani, haijaunganishwa popote, maana nyumba yenyewe haina umeme. Ukindu wote umefagiliwa, mikeka imefichwa nyuma ya jiko. Majirani watatu wanapika pilau ya kuku. Mama mwenyewe kavaa doti mpya ya khanga, nayo ya kuazima, uso unang'aa.

"Unaonaje, mwalimu? Hatutakuaibisha," akaniambia.

Nami nilifanya nini? Nilifurahi. Nikaona vikombe vyao vya plastiki vitatuangusha, nikakimbia kwangu na bodaboda kuleta vikombe vyangu sita vya maua, ambavyo simwazimi mtu.

Wageni walikuwa wawili, dada mmoja mwenye fomu na kijana wa kupiga picha. Walikula mpaka wakaomba msamaha. Dada akatazama makochi, akatazama televisheni, akaandika. Halafu akamuuliza mama kama wanapata mahitaji yao.

"Alhamdulillah," mama akajibu. "Hatuna shida, mwanangu. Karibuni tena."

Nilisikia, wala sikushtuka. Ndivyo mtu anavyomjibu mgeni.

Walipoondoka mama akataka kunioshea vikombe. Nikamwambia aviache tu, watarudi kumchukua binti na tutavihitaji.

Baada ya wiki tatu nikapata ujumbe. Familia inajiweza, nafasi amepewa mwingine. Nilimpigia yule dada nikamweleza kwamba vitu vyote vile vilikuwa vya kuazima, hata vikombe alivyonywea chai vilikuwa vyangu. Akaniambia kwa upole kwamba waliona kwa macho yao, na mama kasema kwa kinywa chake, na orodha imeshafungwa. Nikamtolea maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyatoa. Hakuwa na kosa. Nilikata simu.

Nikaenda kuwaambia. Mama alinisikiliza huku anasuka, kisha vidole vikasimama.

"Kwa hiyo, mwalimu, ningewakalisha chini niwape maji matupu?"

Nikaokota ukindu uliomwanguka.

"Ungeniambia," akasema. "Kama ni umaskini tu, ninao. Ningewaonyesha."

Hakupandisha sauti. Bora angenitukana, nikajua pa kushika. Nilianza kusema habari za mwakani, za mashirika mengine, nikajisikia ninavyodanganya. Mwaka uliofuata angekuwa kidato cha nne, na sikuwa nimesikia shirika jingine la namna ile.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, kasikia yote. Akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na furushi limefungwa kwa kamba ya ukindu.

"Vikombe vyako, madamu. Nimevifunga vizuri, njiani visije vikavunjika."

Nikamshukuru, nikapanda bodaboda nimelipakata. Sikulifungua mpaka nilipofika kwangu. Vikombe vilikuwa vizima vyote sita, vimeviringishwa ndani ya uso wa bibi yake.