Beja Aliyefungiwa Gizani Siku Jua Lilipopatwa

Jamani, moyo wangu bado unakataa. Beja ameondoka. Jumapili tumeongea kwa simu, akakicheka kikohozi changu, Jumatano napigiwa kwamba amelala hakuamka.

Anayeandika hapa mtandaoni ni mjukuu wangu Mapenzi, mimi nasema tu. Magoti yamenifungia ndani hapa Timbwani. Mazishi ya Beja huko Chaani nimeyatazama kwenye simu ya Mapenzi, kaburi dogo kama kiberiti. Nimekasirika sana, sifichi.

Kwa wasiotujua: mimi ni Tsuma. Beja na mimi tulianza kazi ya ukuli bandarini tukiwa vijana wabichi, vita vikuu bado vinapiganwa.

Siku moja king'ora kililia, watu wakakimbia, tumbo la meli likafunikwa na mimi nimo ndani na magunia. Nilikaa humo mpaka jioni. Ni Beja aliyegundua sipo, akapiga kelele hadi wakafunua.

Tangu siku hiyo sifungi mlango wa choo. Mapenzi anacheka, lakini ni kweli.

Vita vikaisha. Miaka hiyohiyo ya arobaini wakaja wanasayansi wa Kizungu, wakapiga kambi kilimani Changamwe. Jua lilikuwa linakaribia kupatwa, mwezi ulifunike lote. Walitaka kupiga picha ya ule mwanga unaolizunguka, ambao siku zote hatuuoni kwa sababu jua lenyewe ni kali mno. Wametoka ng'ambo na masanduku yote yale kwa ajili ya dakika chache tu!

Tukaajiriwa wote wawili. Training wiki mbili, kila asubuhi, jua zima juu ya vichwa vyetu na sisi tunajifanya limepatwa. Beja alicheka hadi akatolewa kwenye mstari.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu. Unalipa jua mgongo, macho kwenye saa, unataja sekunde kwa sauti ili kila mtu ajue wakati wa kufanya lake. Kugeuka marufuku.

Yangu ilikuwa kijumba cha giza. Picha zilipigwa kwenye vioo, na kioo kikiguswa na mwanga kimeharibika. Basi mtu anafungiwa ndani, komeo liko nje, anapokea kioo kilichotumika kupitia kitundu chenye mapazia, anatia kipya kwa kupapasa. Mlango haufunguliwi mpaka jua lirudi.

Kwenye mazoezi mlango uliachwa wazi. Nami mjinga sikusema neno, niliitaka kazi.

Asubuhi yenyewe, mwanga ukaanza kufifia, boss akaita, "Positions!" Nikaingia. Niliposikia komeo, harufu ya yale magunia ikanijaa puani. Nikapiga mbao kwa ngumi zote mbili.

Beja akafungua.

"Toka, mwenehu. Kashike saa."

"Na wewe je?"

"Mimi humu nitasinzia tu. Wewe hesabu kwa sauti, nikusikie. Usininyamazie."

Mwenehu ndivyo alivyoniita siku zote, ndugu yetu, kwa lugha ya nyumbani. Wazungu wote walikuwa wameangalia juu, hakuna aliyetuona. Komeo nililirudisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikahesabu. Giza likaingia, kuku wa jirani wakaenda kulala, mtu nyuma yangu akaanza kulia. Ubaridi ukanipanda shingoni. Kila mtu anasema "Ooh!" na mimi macho kwenye saa, nataja namba. Beja alikuwa ndani.

Alipofunguliwa jasho linamtiririka, na swali alikuwa nalo moja: "Lilikuwaje?"

Ningemwambia nini? Mtu amelikosa kwa ajili yangu. Nikasema niligeuka, nikaiba jicho. Nikasema jua lilikuwa jeusi kama chungu, limeota nywele nyeupe pande zote. Nilikuwa nimewasikia wengine wakisema hivyo. Akafurahi kama mtoto.

Uongo ule ulinibana kuliko tumbo la meli. Harusini, matangani, hata siku alipolazwa hospitali: "Hebu nihadithie jua." Nami naongeza chumvi. Kuna mwaka nilitia nyota saba! Nikajiapiza nitamwambia ukweli Krismasi hii. Krismasi ngapi zimepita, mniambie.

Jana binti yake Kadzo amenipigia. Nikaona nitubu kwake, maana mwenyewe nimemkosa. Nikasema, mwanangu, mimi lile jua sikuliona.

Akacheka huku analia. "Baba alijua, Babu Tsuma. Alisema alikuwa akikusikiliza kutoka ndani, na hukuruka hata namba moja. Alisema mtu aliyegeuka akaona kitu kama kile lazima angenyamaza kidogo. 'Hakugeuka yule. Alikuwa na mimi.'"

Nikamuuliza, sasa mbona alikuwa akinihadithisha?

"Alikuwa anapenda tu ulivyohadithia."

Mapenzi ameacha kuandika, anajifuta macho. Andika, mama, usiache.

Beja, mnafiki mkubwa wewe! Umeniacha najikaanga miaka yote hii, na leo nina la kukwambia, wewe hupo. Nitamhadithia nani sasa?

Basi nasema mbele ya hawa wote: sikuliona. Niliona uso wa saa na mshale wake, na nilikuwa naogopa nikikosea utapotea humo ndani.

Wamekufungia tena, mwenehu, na safari hii pia ilikuwa zamu yangu, maana mimi ndiye mkubwa. Lala bila hofu. Niko hapa nje, nahesabu.