Njia Niliyoifunga Ruiru

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuzuia ajali lilikuwa kufunga njia salama. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nikijitolea katika afya ya jamii, na mengi niliyoyajua nilijisomea. Huko Ruiru palikuwa na shimo la mawe lililoachwa likajaa maji, na mtoto alikuwa amezama humo. Waya wa uzio niliopewa haukutosha kulizunguka. Nikaziba mteremko wa zamani wa malori ya mawe, kwa kuwa ndipo watu walipopita. Baadaye nikasikia wanaendelea kuteka maji. Usingizi ukanipaa. Wanapitia wapi?

Niliondoka nyumbani Ngoingwa, kando ya Thika, asubuhi moja ya Julai nikaangalie. Mjini Thika moshi wa viwanda ulikuwa umechanganyika na ukungu hata nikaitikia salamu za watu nisiowaona.

Nilipofika Ruiru, Mama Njoki, aliyeishi karibu na lile shimo, alinikaribisha chai. Alisema waya wangu ni mzuri sana, anaanikia nguo. Kisha akatazama mlangoni. Njoki, binti yake wa darasa la tatu, alikuwa ameenda kuteka maji na hajarudi.

Kule shimoni ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Mama akaita. "Niko hapa," sauti ikajibu kutoka kushoto, halafu kulia, halafu chini ya miguu yangu. Nikaifuata. Mama Njoki akanivuta koti.

"Simama, kijana. Usifuate sauti hapa."

Mbele ya kiatu changu hapakuwa na ardhi.

Tuliketi tukisubiri. Ukungu ulipoinuka tukamwona Njoki kwenye jiwe lililochomoza katikati ya ukuta wa shimo, amekumbatia mtungi. Umande ulikuwa umefanya mawe yateleze, akashindwa kupanda. Kinjia alichoshukia kilianzia pale waya wangu ulipoishia.

Jirani mmoja alileta kamba ya ng'ombe, tukamtoa. Mama yake akamwuliza mbona alikuwa akiitika tu bila kusema yuko wapi.

"Si mimi niliitika, mum. Mimi nilikuwa nimenyamaza. Niliogopa huyo mwingine."

Mama Njoki alienda mteremkoni akaanza kufungua waya kwa mikono mitupu, nami nikamsaidia. Kabla ya jioni tulikuwa tumeuhamishia ukingoni juu ya ule ukuta, na malori yaliposhukia zamani pakawa wazi tena.

Nilirudi Thika viganja vikiwa na michubuko, na njiani sikuitikia salamu ya mtu nisiyemwona.

Bado kazi yangu naikagua kupita kiasi. Lakini siku hizi sizibi njia ya mtu kabla sijaenda naye mpaka anakoteka maji.