Ng'ombe wa Gwazu

Siku ya kwanza kazini, kule Oyugis, nilipewa sufuria. Mwalimu Mkuu wa chekechea ile, mama mnene asiyecheka ovyo, aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia la tano. Akasema, "Uji hauulizi darasa. Washa moto." Nikawasha. Nilikoroga uji huku nikisikiliza anavyofundisha, na siku mwalimu mmoja alipougua niliingia darasani na mwiko bado mkononi. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni akanitazama mpaka kengele. Kesho yake akamnunulia mpishi mwingine aproni, mimi akanipa chaki.

Hivyo ndivyo kazi hii ilivyopatikana wakati wetu. Nyinyi walimu wapya mna vyeti, na ni vizuri. Lakini nasikia mkilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawakai pamoja. Wa kwangu pia hawakukaa pamoja. Someni.

Miaka ya tisini nilihamishiwa Masara, kwenye migodi ya dhahabu. Watu walikuwa wametoka kila upande kuchimba: Wajaluo, Wakuria, Wakisii, wengine wamevuka mpaka kutoka Tanzania. Watu wa pale waliniita Nyar Kasipul, yaani binti wa Kasipul, kwa sababu ndiko nilikozaliwa. Darasa langu lilikuwa banda la mabati na uwanja mbele yake. Watoto walikaa kila kundi na lugha yake. Nikiwaambia wachore nyumbani kwao, mmoja anamwambia mwenzake, "Kwenu ni kule, si hapa," na penseli zinageuka silaha.

Mkaguzi wa chekechea alikuja, akaona, akaniambia bila kupepesa macho: "Nikirudi nikute watoto wa kabila moja tu wamebaki, hili si darasa tena, ni boma la mtu. Nitalifunga." Nilijua hakuwa akitisha tu. Na nilijua wale watoto wakitoka kwangu wanaenda wapi. Wanaenda kwenye karai, kuosha mchanga wa dhahabu na ile zebaki, dawa inayonasa dhahabu na kuharibu mwili.

Basi nikakata shauri. Kama nyumbani kwa kila mtu kunaleta vita, tutatengeneza mahali ambapo si kwa mtu yeyote.

Tulichimba bwawa pana uwanjani. Udongo wa mgodini nilikataa, kwa sababu ya hiyo zebaki. Tulitumia udongo wa kichuguu, unaoshika maji, na katikati tukaumba visiwa vinne. Kuumba kwa matope ni kazi ya kweli ya chekechea, inanyoosha vidole kabla ya penseli. Majina waliyatunga wenyewe, na jina likiwa na maana katika lugha ya nyumbani kwa mtu, tunalitupa. Yakabaki Tofeli, Gwazu, Nanduli na Shemshe.

Tofeli kulikuwa na mawe na mlima, na moto ulikuwa huko tu. Nanduli kulikuwa na chumvi. Shemshe kilikuwa kidogo kama sahani, lakini kisima cha maji matamu kilikuwa huko, maana maji ya bwawa tulisema ni machungu. Gwazu kilikuwa tambarare yenye nyasi na ng'ombe. Ng'ombe ni yale matunda ya manjano ya ochok, tunayachomeka miiba minne, yanasimama. Hakuna kisiwa kilichojitosha. Ukitaka chai yenye maziwa, unapanda ganda la mgomba, ndiyo mashua yetu, na kuvuka mara tatu.

Kila kisiwa kilikuwa na desturi yake, nao watoto walizishika kuliko amri zangu. Kwa Tofeli, mgeni anafanya kazi kwanza ndipo anakaribishwa. Kwa Nanduli huitwi kwa jina, unaimbiwa. Kwa Shemshe, anayekuja kuchota anaeleza kwanza alichoota. Na kwa Gwazu, anayepokea ng'ombe hawahesabu mbele ya aliyempa. Anashukuru, anawaswaga, anaenda.

Mvua kubwa ikinyesha, visiwa vinabomoka. Asubuhi yake tunavijenga upya na kila kundi linahama kwenda kisiwa kinachofuata. Makundi niliyachanganya mimi mwenyewe, na sikumwomba mtu ruhusa.

Wazazi walianza kuja. Wa kwanza alikuwa Mzee Mwita, Mkuria, babu yake Chacha. Mwanawe alikuwa akichimba shimoni, na mzee ndiye aliyemlea mtoto. Alifika kwenye mkutano wa wazazi na fimbo yake, akasimama kabla hajapewa nafasi.

"Mwalimu, nimeambiwa mjukuu wangu amepewa kisiwa hakina ng'ombe."

"Yuko Shemshe, Mzee. Ana kisima."

"Kisima ni ya nini? Sisi ni watu wa ng'ombe. Na hizo ng'ombe nani anazo?"

Min Achieng, mama yake Achieng, aliyeuza mandazi barabarani, akajibu kutoka nyuma: "Ni za msichana wangu, Mzee. Na amezichunga vizuri. Hazijapotea hata moja tangu zifike kwetu."

Watu walicheka, lakini si wote. Upande mmoja wakaanza kusema majani ya Gwazu yanafaa kugawanywa. Upande mwingine wakasema mpaka wa Gwazu unajulikana. Watu wazima, wenye ndevu, wanagombania matope ya futi mbili. Mwenyekiti wa kamati akaninong'oneza, "Nyar Kasipul, vunja hivyo visiwa leo."

Nilikataa. Nikamwambia Mzee Mwita mbele ya wote: "Gwazu kinafuata Shemshe. Mvua ikivunja, Chacha anahamia huko na anakabidhiwa ng'ombe. Sitabadilisha zamu kwa ajili yako, na sitaibadilisha kwa ajili ya Min Achieng."

"Na mvua isiponyesha?"

"Utangoja kama wengine."

Akangoja. Kila siku alipomleta mtoto alitazama wale ng'ombe, kisha akatazama mawingu.

Halafu ikaja habari mbaya. Ng'ombe waliibwa huko upande wa mpaka, ng'ombe wa kweli, na watu wakaumia. Sokoni kila kabila likaanza kulilaumu jingine. Familia zikaanza kufunga magodoro. Mvua nayo ikanyesha usiku kucha, na asubuhi nilikuta visiwa ni tope tupu na darasa halina mtoto hata mmoja.

Mwenyekiti akaja mbio. "Funga, mama. Leo hakuna mtu atatoa mtoto nje. Mkaguzi akija nitamweleza mimi."

"Mvua imenyesha," nikamwambia. "Leo ni siku ya kuhama."

"Nani anahama? Huoni watu wanahama kweli?"

Nilikunja leso nikaingia bwawani kukanda udongo. Akaniacha.

Nilikuwa nimemaliza Tofeli nilipomwona Mzee Mwita. Alikuja kwa barabara kuu inayopita mbele ya uwanja wetu, katikati ya maduka, Chacha mabegani, na mfuko wa ochok za kuongezea kundi umening'inia kwenye fimbo. Watu walikuwa wamesimama vibarazani wakimtazama. Hakuna aliyemsalimia. Alipofika kwenye karai la mandazi, Min Achieng akamwuliza kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Mzee, siku kama hii unaenda wapi?"

"Mjukuu wangu anapewa ng'ombe zake leo. Mvua imenyesha."

Min Achieng alisimama na kijiko cha kuepulia, mafuta yanadondoka. Kisha akageukia nyumbani kwake.

"Achieng! Vaa nguo. Enda umkabidhi huyu mzee ng'ombe zake, nisije nikaitwa mwizi."

Mtu mmoja barazani alicheka. Mwingine naye akacheka. Achieng akatoka na kopo lililohifadhi ng'ombe wasilowe, na nyuma yake nikaona watoto wengine wakisukumwa nje ya milango, mmoja mmoja, mama zao wamebaki vizingitini.

Achieng akampa Chacha kopo. Mzee Mwita akainama, midomo ikaanza kutembea.

"Babu," Achieng akamwambia, "hapa hatuhesabu."

Mzee aliinuka. Alimtazama yule mtoto, akamtazama mama yake aliyesimama barabarani na kijiko. Kisha akasema, "Asante, mwanangu," akamshika Chacha mkono wakawaswaga ng'ombe.

Hatukufunga, siku ile wala baadaye. Mkaguzi aliporudi, watoto wa Tofeli walimtuma maji kabla ya kumpa kiti. Alichota, akaona watoto wa kila kabila wapo, akalalamika kwamba nimesahau kufundisha hesabu, akaenda.

Nilimalizia kazi Muhuru Bay, ambako watoto walidai kisiwa cha tano cha kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani, na wakakipata. Sasa nimestaafu, niko Kasipul, magoti hayakubali bwawa tena. Nasikia pale Masara uwanja umewekwa simiti, na wanausifu kwa usafi.

Nyinyi mnaoanza, mkipewa uwanja, kataeni simiti angalau upande mmoja. Acheni mahali ambapo mvua inaweza kubomoa, ili watoto wawe na sababu ya kuja asubuhi kujenga.