Kapu la Pande Mbili za Mpaka

Wifi yangu hajui kunyamaza, na mimi niliyeolewa na kaka yake nimelishuhudia hilo kwa masikio yangu mwenyewe. Kiwandani wanamwita Vifungo, kwa sababu anashona vifungo vya mashati tangu akiwa msichana. Mimi napiga pasi mashati hayohayo, meza ya pili kutoka kwake. Kola za mashati hayo zinashonwa na dada yake mkubwa, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, kwenye kiwanda kingine cha tajiri yuleyule, kisha zinaletwa kwetu kwa lori. Shati moja linapita mikononi mwa watoto wa mama mmoja, na anayelivaa hana habari.

Wote wawili wanalipwa kima cha chini, kila mmoja cha nchi yake. Ukilinganisha noti unapotea tu, maana za dada zina sufuri nyingi mpaka zinachekesha. Ndiyo maana wakajitengenezea kipimo chao. Kila mwisho wa mwezi wanapigiana simu, na swali ni lilelile: "Kapu limejaa?" Kapu ni unga, maharage, mafuta ya kupikia, sabuni na mkaa wa kufika mwezi ujao, baada ya kodi ya chumba. Mwaka walioanza kazi, mshahara wa wifi ulijaza kapu na kubakiza cha kushonea gauni. Tangu hapo kima cha chini kimepandishwa kila baada ya miaka michache, kwa hotuba na makofi. Bei nazo zimepanda, ila zenyewe hazina haja ya hotuba. Siku hizi wifi anahesabu noti nyingi kuliko zamani, na unga unamwishia katikati ya mwezi. Wengine wanaita nyongeza. Mimi naita dharau.

Sasa, hawa ndugu wawili wana ugonjwa mmoja, majivuno. Mama mkwe aliwalea akiwaambia kwamba shida ya nyumbani haitoki mlangoni, nao wakalishika neno hilo kupita kiasi. Kwa hiyo hata mwezi wa kukopa chumvi walijibiana vizuri: "Limejaa, namshukuru Mungu. Lako je?" "Langu limefurika." Wifi alikuwa akijibu hivyo ameketi jikoni kwangu, anangoja nimgawie mafuta.

Siku moja nikamwambia, "Wifi, mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa watatu," akasema. "Gawa mafuta."

Halafu meneja akaita mkutano wakati wa mapumziko ya chakula. Alipanda juu ya benchi, akatusifu kwanza, na mimi nikajua tunapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Kisha akasema mishahara itabaki palepale miaka miwili.

"Wenzenu ng'ambo wanalipwa nusu yenu," alisema, "na jana wameshakubali. Mkikataa, mashine hizi zitapanda lori ziwafuate. Wanaokubali wanyanyue mikono."

Watu walitazamana. Hakuna aliyetaka kurudi nyumbani bila kazi. Vifungo akasimama.

"Nusu ya nini, bosi? Pesa hailiwi. Nusu yao huko inanunua unga kama wetu, maana bei zao ziko chini. Dada yangu yuko huko, na kapu lake linajaa."

Meneja akatabasamu. "Umesema mwenyewe. Wenzenu wanaishi vizuri kwa pesa ndogo. Sasa ninyi mnalalamikia nini?"

Yale majivuno ya miaka yote yalikuwa yamemgeukia wifi mbele ya kiwanda kizima. Akatoa simu yake, akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Dada, leo usiniambie limejaa. Nimesimama mbele ya wafanyakazi wenzangu. Niambie kweli."

"Mdogo wangu, halijai," dada akasema. "Zamani lilijaa, tulipoanza. Sasa nikinunua mafuta, sabuni inangoja. Nilikuwa naona aibu kukwambia, na lako linafurika."

"Langu halifuriki, dada. Nakula kwa wifi."

Wengine walicheka. Mimi machozi yalinitoka, na sikuyafuta.

"Kama hali ni hiyo, mbona mmekubali mshahara usipande?" dada akauliza. "Leo asubuhi tumeambiwa ninyi mmeshakubali, na sisi tukikataa, kazi inahamia kwenu. Tumeitwa hapa uani tupige kura, na wengine wameshanyanyua mikono."

Hapo hakuna aliyecheka. Meneja alishuka kwenye benchi.

"Zima simu."

"Simu ni yangu, na salio ni langu," wifi alisema.

"Mkataba wako unaisha mwezi huu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Nimeusoma kuliko wewe ulivyousoma."

Meneja akatugeukia sisi, akapaza sauti. "Nauliza mara ya mwisho. Wanaokubali wanyanyue mikono."

Niliikunja mikono yangu kifuani. Mbele yangu, nyuma yangu, mpaka kule kwa wapakiaji, kila mtu alikunja yake.

"Wangapi?" dada akauliza kwenye simu.

"Hakuna," wifi akajibu.

Tukamsikia dada akiwageukia wenzake, huko uani kwao, akisema kwa nguvu, "Hakuna hata mmoja. Walitudanganya. Shusheni mikono."