Chupa za Ukuta wa Kusini

Kitu cha kwanza nilichokitambua kwa Mama Célestine ni kwamba hateremshi sauti. Siku niliyokwenda Malvern, hapa Johannesburg, kuangalia chumba cha nyuma ya nyumba yake, nilimkuta uani akipima suruali ya mteja, pini amezibana midomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake, kisha akasema kwa sauti ambayo hata majirani wa ng'ambo ya ukuta waliweza kuisikia:

"Mi nakuambia mbele, usikuje kusikia kwa batu. Katika nyumba hii kuna bangi. Ni dawa ya bwana yangu. Kama unaogopa, Jules Street ni ile pale, taksi ziko."

Mteja aliyekuwa amevaa suruali nusu alitazama angani. Mimi niliogopa, sikatai. Lakini nilikichukua chumba, na hadi leo sijajuta.

Mama Célestine ni fundi cherehani, mzaliwa wa Uvira, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na Kiswahili chake ni cha huko, ambako watu ni batu. Yeye na mumewe, Papa Octave, waliikimbia vita wakiwa bado vijana, wakajenga maisha mapya huku, mtaa wa Alexandra. Mwezi Mei mwaka 2008 wakafukuzwa huko pia, wageni walipovamiwa, wakaondoka na cherehani moja iliyofungwa kwenye blanketi. Malvern ndiko walikotua. Papa Octave akapata kazi ya ulinzi katika karakana moja ya Jeppestown, akaifanya hadi tumbo lilipoanza kumsumbua. Hospitali walimwambia ni saratani ya tumbo. Wangemchoma dawa kwanza ili uvimbe upungue, kisha wangempasua na kuutoa. Daktari aliweka sharti moja: lazima awe na nguvu za kuhimili kisu, na nguvu hizo zingeonekana kwenye mzani. Mwili ukiendelea kukonda, hakuna upasuaji.

Tatizo ni kwamba Papa Octave hakuweza kula. Dawa za hospitali zilimfanya atapike hata harufu ya mchele ikipita. Mkewe alimpikia sombe, yaani majani ya muhogo, akampikia uji, akamsagia ndizi kama mtoto. Vyote vilirudi.

Bangi, ya kutuliza kichefuchefu na kuamsha njaa, ililetwa na Mme Puleng, mama wa Kisotho anayeuza mizizi na majani ya dawa karibu na stesheni ya Jeppe. Ndugu zake huko milimani Lesotho hulima kidogo na kuvuna mara moja kwa mwaka, baridi inapoanza. Vijana wa mitaani wanauza kila siku, lakini Mama Célestine hataki hata kuwasikia. "Sijui bamechanganya nini ndani," anasema. "Mugonjwa si panya wa kujaribia." Kwa hiyo mzigo wa Mme Puleng ulipaswa kudumu kutoka mavuno hadi mavuno. Ukiharibika katikati ya mwaka, hakuna mwingine.

Na mwaka wa kwanza, 2013, uliharibika.

Nyumba nyingi za watu wa Uvira hapa Johannesburg zina sanduku kubwa la bati lililotoka nyumbani au lililonunuliwa kwa kukumbuka nyumbani. Ndani yake huwekwa kila chenye thamani: vitenge vya harusi, picha, vyeti, na ndagala, wale dagaa wa Tanganyika ambao jamaa huwatuma kwa basi. Mama Célestine hakufikiri mara mbili. Kitu cha thamani, mahali pake ni sandukuni. Aliyafunga majani kwenye mfuko wa plastiki, akabana fundo, akaulaza mfuko juu ya ndagala. Mafuta, yaani mawese aliyoyapika taratibu na yale majani, aliyatia kwenye chupa nyeupe akaiweka dirishani, palipo na mwanga, apate kuiona kila anaposhona.

Mvua za huku, ambazo huja miezi ya joto, zilipofika, plastiki ikatoka jasho kwa ndani. Alipoufungua mfuko, majani yalikuwa na utando mweupe kama buibui amepita, na yale yaliyokuwa mazima yalinuka ziwa lote la Tanganyika. Mafuta ya dirishani yalikuwa yamepauka na kuchacha. Papa Octave, ambaye ugonjwa haujamnyang'anya ulimi, alionja tone moja akasema, "Bibi, hii ni dawa ama ni mchuzi wa juzi?"

Walicheka, lakini ilibidi vyote vitupwe, na miezi iliyofuata hawakuwa na kitu. Mwanzoni mwa mwaka 2014 mzani wa hospitali ulionyesha kwamba amekonda zaidi. Upasuaji ukasogezwa mbele, na daktari akasema wazi kwamba hawezi kuusogeza milele.

Hapo ndipo nilipohamia mimi. Jioni moja Mama Célestine aliniuliza nilisomea nini chuoni. Nikamwambia, historia. Akaguna. "Historia haitatusaidia. Lakini unajua kutafuta kwenye kompyuta." Nikaenda kwenye duka la intaneti la Jules Street, nikasoma kila nilichoweza huku nikifunika kioo kwa mgongo. Nilirudi na mambo matatu: hewa kidogo, mwanga hakuna, joto hakuna. Mahali pa giza na ubaridi palikuwa wapi katika nyumba ya vyumba viwili yenye bati juu, hilo kompyuta haikulisema. Mimi nilipendekeza friji. Yeye akakataa, kwa kuwa friji hiyo hufunguliwa mara mia na umeme hukatika, na kila ukirudi chupa zinalowa kwa nje na kwa ndani. Tulibishana hadi Papa Octave akaomba tumfungie mlango alale.

Jibu lilitoka kwenye vitambaa. Siku moja alikuwa anatoa jora za bitana nyeusi ili akate makoti ya kwaya. Jora iliyokuwa imesimama ukuta wa dirishani ilikuwa imegeuka rangi ya kutu upande mmoja. Ile iliyosimama ukuta wa pili ilikuwa nyeusi tii, na ukiigusa ilikuwa baridi. Kwetu, karibu na ikweta, jua hutembelea pande zote mbili za nyumba mwaka unapozunguka, basi hatuna mazoea ya kuuliza ukuta upi. Huku Johannesburg jua huegemea kaskazini mwaka mzima. Ukuta wa kusini wa chumba cha cherehani ulikuwa karibu haulioni kabisa.

Mavuno ya Mei yalipofika, kila kitu kilifanywa upya. Aliyatandaza majani juu ya karatasi za kuchorea mitindo ya nguo, ndani ya kabati la nguo, gizani, yakakauka polepole mpaka kijiti kikikunjwa kinavunjika badala ya kupinda. Kisha akayatia kwenye chupa za kahawa zilizooshwa na kukaushwa kabisa, bila kuzishindilia. Majuma ya mwanzo alizifungua kila asubuhi kwa muda wa kumeza chai, akainamisha pua, akazifunga. Harufu ikiwa kali ya kuchoma, chupa hiyo ilikuwa bado na maji, ilirudishwa kwenye karatasi. Harufu ikiwa tamu ya majani makavu, ilibaki. Baadaye alizifungua kwa nadra tu. Kila chupa aliishonea mfuko wa bitana nyeusi wenye kamba ya kuvutia, mishono imenyooka kana kwamba ni koti la bwana harusi. Mafuta aliyapika kidogo kidogo, ya kutosha muda mfupi, akayaweka kwenye vichupa vya kahawia vilivyokuwa vya dawa ya kifua, na ole wako uingize kijiko chenye maji. Vyote viliingia katika sanduku dogo lililoinuliwa juu ya matofali penye ukuta wa kusini, na sanduku lilikuwa na kufuli, kwa sababu uani kwetu kuna watoto, na watoto hufungua kila kitu. Ufunguo huning'inia shingoni mwake pamoja na msalaba.

Papa Octave alianza kula mwezi Juni. Vijiko vitatu vya uji, kisha bakuli, kisha siku moja ugali. Mama Célestine alimweleza daktari ukweli wote bila kuulizwa. Daktari aliandika, akamwambia asiache kumjulisha chochote anachompa. Redioni tulisikia kwamba wabunge huko Cape Town wanajadili kama bangi iruhusiwe kuwa dawa. "Bajadili pole pole," akasema Mama Célestine. "Mi siko na muda wa kubangojea."

Habari ilifika kanisani kwa sababu yeye mwenyewe aliipeleka. Katika mkutano wa akina mama alisimama akamshukuru Mungu kwamba mumewe anakula, na akataja anakula kwa msaada wa nini. Jumamosi moja ya Septemba, mchana, wazee watatu wa kanisa wakabisha hodi. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Melchior, Mrundi mrefu mwenye duka la simu, mtu mwema ambaye mwaka 2008 aliwapa familia hii godoro. Sitaki asomwe kama adui.

Mama Célestine aliwakaribisha, na kama ilivyo desturi, mgeni hasemeshwi kabla hajala. Akaweka ugali, sombe na samaki mezani. Mikono ya wazee ikabaki magotini.

"Kuleni, bazee."

"Mama, tumeshiba," akasema Mzee Melchior, macho yakiwa kwenye sombe.

"Hapana, munaogopa. Hakuna kitu ndani. Dawa ni yake, ugali ni wenu."

Papa Octave alitoka chumbani, akavuta kiti, akanawa, akaanza kula. Alimega, akachovya, akatafuna, akameza. Mmoja wa wazee wadogo akanyoosha mkono akachukua kipande cha samaki.

Mzee Melchior akakohoa. "Mama Célestine, wewe ni mwalimu wa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Watoto wanakutazama. Tumekuja kama ndugu. Itoe, tuichome hapa uani, tuombe, yaishe."

"Muichome hapa?"

"Hapa hapa."

"Sawa. Lakini mukiichoma hapa na upepo huu, mzee wangu, mutarudi nyumbani muko na furaha sana, na kesho nani atahubiri?"

Yule aliyekuwa na samaki mdomoni alipaliwa. Hata Mzee Melchior aligeuza uso kidogo kabla ya kuurudisha.

"Usifanye mzaha, mama. Imwage chooni basi. Polisi wakija hapa, utasema nini?"

"Nitabafungulia mlango. Nitabaonyesha sanduku, nitabaonyesha mugonjwa. Bakitaka kunifunga, bangojee nimalize kushona suruali za batu." Kisha sauti ikabadilika, ingawa haikushuka. "Nilikimbia Uvira. Nikakimbia Alex, wewe mwenyewe ulinipokea. Sasa munataka nikimbie chupa? Muangalie huyu. Mwaka jana mulikuja kumuombea mukafikiri munamuaga. Leo anawamalizia samaki."

"Sheria ni sheria, na kanisa ni kanisa," akasema Mzee Melchior, na nadhani yeye mwenyewe hakupenda jinsi ilivyosikika.

"Na bwana yangu ni bwana yangu. Haitoki."

Wakaondoka bila sala. Juma lililofuata aliambiwa amesimamishwa kwaya na arudishe vazi. Alijibu kwamba vazi alilishona mwenyewe kwa kitambaa chake, na kama wanataka kitambaa waje na mkasi. Kila Jumapili tangu hapo analivaa, anakaa kwenye benchi la mbele kabisa, na kwaya ikianza naye anaanza, sauti ya kwanza, kutoka pale alipo. Hakuna aliyethubutu kumwambia waumini hawaruhusiwi kuimba. Kwaya, naambiwa, humfuata yeye.

Nilimwuliza kama haimuumi. "Inaniuma sana," akasema, akipuliza vumbi kwenye cherehani. "Lakini kuumwa si kuacha."

Mwanzoni mwa Novemba nilikwenda nao hospitali. Papa Octave alivua viatu, akapanda mzani, akafumba macho. Muuguzi akausoma, akainama kuangalia kama mgonjwa amekanyaga chini kwa mguu mmoja, akausoma tena. Daktari aliitwa. Mama Célestine alikuwa amekishika kitasa cha dirisha kwa mikono miwili. Daktari akasema: anafaa. Siku ikapangwa.

Siku hiyo ni kesho.

Ninaandika haya jioni, jua bado lipo, kwenye ngazi ya nyumba yao. Mama Célestine amekwisha kumwambia daktari wa usingizi kila tone alilompa mumewe, na lini, na ameacha kumpa kama alivyoagizwa. Sanduku limefungwa. Mzee Melchior amepiga simu, si kwa Mama Célestine bali kwa Papa Octave, akasema gari lake litakuwa langoni alfajiri. Mama Célestine alisikia, akasema tu, "Aje. Barabara si ya kanisa."

Agizo la mwisho la hospitali lilikuwa kwamba mgonjwa asile chochote tangu saa kumi na mbili jioni. Mtu aliyebembelezwa mwaka mzima ameze kijiko cha uji, sasa anazunguka jikoni akifunua masufuria.

"Bibi, niko na njaa."

"Najua."

"Njaa ya kweli. Hata samaki mmoja?"

"Hata mufupa."

"Kesho nikiamka kule, kitu cha kwanza nitauliza ni ugali."

"Kesho ukiamka," anasema Mama Célestine, na anamfungia mlango wa jiko, "uliza unachotaka. Nitakuwa pale mulangoni."