Rupia ya Mahari Yangu

Nilipomkimbia mume wangu kule Ivuna nilikuwa na mkono mmoja mzima. Wa pili aliuvunja kwa mpini wa jembe, ukaunga vibaya, na umepinda hadi leo. Nilipanda milima mpaka kwetu Hasamba. Baba aliponiona alisema tu kwamba mahari itarudishwa.

Mahari yangu ilitolewa enzi za Mjerumani: ng'ombe wawili, majembe, na rupia moja ya fedha. Ng'ombe walikuwapo. Majembe tuliyapata kwa ndugu. Rupia baba aliifukia chini ya kitanda, na Mwingereza alipoleta shilingi zake, watu wakakimbilia boma kubadilisha, yeye hakwenda. Kwake mahari haiguswi maadamu binti bado yuko kwa watu. Ilivyoingia ndivyo itakavyotoka. Mama alimsihi, majirani walimsihi, akawaona wote hawana adabu. Nampenda baba yangu, lakini alikuwa mkaidi, na mkaidi mwenye heshima zake humwezi.

Shemeji, kaka wa mume wangu, alikuja kupokea. Ng'ombe akawakubali, majembe akayakubali. Rupia akaigeuzageuza, akauliza kama tumempa kifungo cha shati. Wazee waliokaa nasi wakakata shauri twende dukani Tunduma. Mwenye duka akiipokea kama pesa, mimi si mke wa mtu tena. Akiikataa, mahari haijarudi: ng'ombe na majembe vitabaki kwa baba, na nitarudi mimi.

Tulikwenda watatu, baba mbele, shemeji nyuma yangu, kana kwamba ningechomoka tena. Baba alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Alisimulia jinsi rupia ilivyokuwa ikiheshimiwa, mtu akiwa nayo anakaribishwa kiti. Nami, mjinga wa mwisho, nikaanza kupanga maisha: kishamba cha ulezi karibu na mama, na kulala bila kusikiliza nyayo za mtu mlangoni.

Mwarabu wa duka aliidondosha juu ya meza, ikalia vizuri. Akaiinua, akaikagua pande zote mbili, akaafiki kwa kichwa. Baba akanigeukia akatabasamu. Hata sasa nikimkumbuka, humkumbuka na tabasamu lile, na roho inaniuma.

"Fedha yake safi, mzee," akasema Mwarabu. "Ila si pesa tena. Boma walikuwa wakibadilisha, siku zikapita. Mimi naweza kuinunua kwa uzito tu, nimpelekee sonara."

Baba akauliza, kwa uzito huo inapata nini. Mwarabu akaonyesha mfuko wa chumvi pembeni. Niliijua chumvi ile kwa rangi yake ya majivu. Ni ya Ivuna, tunayoichemsha sisi wanawake mpaka macho yanavimba kwa moshi.

Baba akaomba muda. Alisema atakwenda kuvunja mawe ya barabara alete shilingi halisi. Shemeji akamjibu kwa upole, akimwita baba, na upole ule ulinichoma kuliko matusi: neno la wazee lilikuwa duka, na duka limekwisha kusema.

"Baba, usinirudishe," nikamwambia. "Ataniua."

Baba akaigusa rupia pale mezani.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekukosea," akasema.

Nilingoja aongeze neno lingine, lolote lile. Nilimchukia pale dukani, na nilimhurumia, na sikujua nianze na lipi.

Shemeji akakumbusha kwamba mke aliyetoroka hutozwa faini. Akasema chumvi ile itatosha, hawataki kututesa. Baba akaisukuma rupia kwa kidole mpaka upande wa Mwarabu, akatoka nje. Sikumwona tena akiwa hai.

Mfuko ukafungwa kamba. Shemeji hakuwa mtu wa kubeba mzigo mwanamke akiwapo. Nikajitwika kwa mkono wangu mzima, nikaanza kuirudisha chumvi Ivuna.