Swichi ya Mama Jovinary

Nasema wazi: Jovinary simpendi. Mama yake, Prudencia, ni jirani yangu hapa Buswelu, na haya nimeyaona kwa macho yangu.

Prudencia alipofiwa na mumewe kule Muleba, mwanawe alimtaka auze kibanja na kuhamia Mwanza. "Nitakujengea nyumba yako, Mama." Mhaya kuuza kibanja chenye makaburi ya wazee! Mashemeji walimsusa, mpaka leo hawapokei simu zake. Yeye akauza, kwa sababu mtoto ni huyo mmoja na alimwamini.

Nyumba ikajengwa, nzuri kweli. Ila sebule nzima haikuwa na swichi hata moja. Jovinary, anayeishi Dar es Salaam, alitaka taa za kisasa: kuwasha, kuzima, kupunguza mwanga, yote kwa simu. Simu yake yeye. Ya mama yake ni kitochi, cha kupiga na kupokea tu. Basi kila jioni mama mtu mzima anapiga Dar kuomba mwanga wa kumenyea ndizi. Mwana akiwa kikaoni, mama anakaa gizani. Nilikuwa nikimkuta hivyo, nasonya.

Oktoba jumuiya yetu ikasali rozari kwake. Tendo la tatu, mwanga ukafifia, ukafifia, ukazimika. Bwana mkubwa ameamua mama yake akalale! Tulimalizia kwa tochi za simu, mwenye nyumba akituomba radhi hadi mlangoni. Kesho yake nikamletea Mashimba, fundi umeme.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka swichi kama za watu wote."

Mashimba akafungua dari, akakitazama kidude kinachoongoza taa. "Nikikikatia umeme, simu ya mwanao haitakiona. Swichi naiunganisha kwenye kidude chenyewe. Ukibonyeza, inawaka au inazima. Ukishikilia, mwanga unapungua. Na yeye aendelee na simu yake."

Akatoboa ukuta, akapitisha waya, akafunga swichi. Prudencia akabonyeza. Akazima, akawasha tena, akacheka mpaka akajishika kiuno. "Nimewasha mwenyewe, Rose!"

Akaomba jumuiya irudi kwake, na tukarudi. Tukiwa katikati ya sala, taa ikazimika. Prudencia akainuka, akabonyeza, ikawaka. Ikazimika. Akabonyeza tena. Hapo simu ikaita, naye kwa kuwa masikio yamechoka huwa anaweka sauti ya nje.

"Mama, nani anachezea taa zangu?"

"Ni mimi, baba. Nina wageni. Nimeweka swichi."

"Umetoboa ukuta? Unatoboa nyumba yangu bila hata kuniuliza?"

Sote tulisikia. Wengine waliinamia rozari zao. Mimi nilitaka kuinyakua ile simu nimpe vidonge vyake, lakini Prudencia alikwisha kujibu: "Nisamehe, baba." Taa ikazimika, na hakuinuka tena.

Asubuhi nilimkuta Mashimba anaziba tundu kwa saruji. Nilipandwa na hasira. "Mama Jovinary, kwa nini unamwogopa mtoto uliyemzaa?"

"Simwogopi," alisema, akikusanya vumbi la ukuta kwa fagio. "Nimemtobolea mwenye nyumba ukuta, Rose. Akinifukuza, kule Muleba nitamwendea nani?"